Mbane muuzaji kwa aliyoyasema, si kwa injini iliyokufa

Ugomvi kuhusu pikipiki ya mtumba huanza kwa namna moja karibu kila mara. Mnunuzi anarudi yadini akiisukuma pikipiki aliyoondoka nayo juzijuzi, injini inatoa moshi au imekwama kabisa, na kauli yake ya kwanza ni kwamba ameuziwa kitu kibovu. Muuzaji naye jibu analo tayari: ilipotoka hapa ilikuwa inanguruma sawasawa, uliijaribu mwenyewe, fundi wako aliikagua, na huko ulikokwenda hatujui umeibebesha nini. Kuanzia hapo wanabishana juu ya chuma kisichoweza kusema kilianza kuugua lini, na katika ubishi wa aina hiyo aliyekwisha kupokea pesa hana haja ya kushinda. Kukaa kimya kunamtosha. Kwa maoni yangu, mnunuzi hushindwa kwa sababu amekubali kupigania mahali pabaya. Madai yake yasianzie kwenye injini. Yaanzie kwenye yale muuzaji aliyoyatamka, aliyoyaandika au aliyoyatangaza kabla ya pesa kubadilisha mikono: mwaka wa pikipiki, kilomita ilizokwenda, idadi ya wamiliki waliotangulia, kama imewahi kugongwa, kama ina deni, na ile sifa inayopendwa sana na madalali kwamba injini haijawahi kufunguliwa.

Sheria yenyewe ndiyo inayonipeleka huko. Kenya tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyonakiliwa karibu neno kwa neno kutoka sheria ya Uingereza ya 1893 na kuanza kutumika hapa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Sheria hiyo haimwachi mnunuzi mikono mitupu. Mtu anayefanya biashara ya kuuza pikipiki anahesabiwa kuwa ameahidi, hata kama hakufungua kinywa, kwamba bidhaa ina ubora wa kuuzika na kwamba inafaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza. Jirani anayeuza pikipiki yake moja hafungwi na ahadi hizo. Mwenye yadi anafungwa. Lakini mlango huo una mwanya. Ikiwa mnunuzi aliikagua bidhaa, hawezi kulalamikia ubovu ambao ukaguzi huo ulipaswa kuufichua. Mnunuzi wetu hujivunia kwenda na fundi wake, naye fundi huinama, husikiliza injini, huvuta klachi na kutikisa kichwa kukubali. Dakika hizo chache zinaweza kumgharimu zaidi mbele ya hakimu kuliko kama angekwenda peke yake. Sisemi aache kwenda na fundi. Nasema ajue kwamba ukaguzi wa juujuu ni ushahidi wa upande wa pili.

Kuna tatizo kubwa zaidi, nalo ni la maumbile ya kitu kilichotumika. Ubora wa kuuzika wa pikipiki ya miaka 6 iliyobeba abiria tangu alfajiri hadi usiku ni upi? Mahakama za Uingereza, ambazo hukumu zao mahakama zetu huzisikiliza ingawa hazilazimiki kuzifuata, zilikabiliana na swali hilo katika kesi ya Bartlett dhidi ya Sidney Marcus mwaka 1965. Mnunuzi wa Jaguar iliyotumika aliambiwa kwamba klachi ina hitilafu ndogo, ikatokea kuwa kubwa kuliko alivyodhani. Alishindwa. Jaji Denning alieleza kwamba gari lililotumika linauzika likiwa katika hali ya kutumika, hata kama si kamili, na kwamba anayenunua kitu cha namna hiyo ategemee matengenezo mapema au baadaye. Karibu miaka 10 baadaye, katika kesi ya Crowther dhidi ya Shannon Motor, mnunuzi mwingine wa Jaguar kuukuu alishinda baada ya injini kufa katika muda wa wiki chache. Tofauti ilitoka wapi? Mmiliki wa zamani alikuja mahakamani akaeleza kwamba injini ilikuwa imechoka kabisa hata kabla ya mauzo. Basi jiulize ni wanunuzi wangapi wa masoko ya Gikomba au Kongowea watakaompata mmiliki wa zamani, wamshawishi aache shughuli zake, aje kukiri mbele ya watu kwamba alitupa mzigo mbovu sokoni.

Na tuseme umefaulu kuthibitisha kwamba injini ilikuwa mbovu siku ya mauzo. Bado kuna kifungu ambacho wanunuzi wengi hawajakisikia. Kwa Sura ya 31, pale mkataba unapohusu kitu mahususi, yaani pikipiki ile pale uliyoinyooshea kidole wala si pikipiki yoyote ya aina hiyo, na umiliki ukawa umekwisha kuhamia kwako, kwa kawaida umepoteza haki ya kuirudisha kwa msingi huo. Kinachobaki ni fidia. Pikipiki ya mtumba daima ni kitu mahususi, na umiliki mara nyingi huhama pale pale mnapokubaliana. Kwa hiyo yule anayesimama getini akipiga kelele “chukua pikipiki yako, nipe pesa zangu” huenda anadai kitu ambacho sheria hii ya kale haimpi. Waingereza walioitunga waliuondoa ukali huo kwao mwaka 1967, na tangu 2015 mnunuzi wa kawaida huko ana siku 30 za kukirudisha kitu chenye ubovu na kulipwa pesa zake zote. Sisi tumebaki na nguo ambayo mwenyewe aliivua zamani.

Hebu sasa tuyageukie maneno. Mwaka huo huo wa 1965 ambao mwenye Jaguar alishindwa, Denning huyo huyo alisikiliza kesi ya Dick Bentley dhidi ya Harold Smith Motors. Muuzaji wa magari alimwambia mteja kwamba gari limekwenda maili 20,000 tangu liwekwe injini nyingine. Ukweli ulikuwa karibu maili 100,000. Mnunuzi alishinda, na hakuhitaji kuthibitisha ni kifaa gani kilichokufa wala nani alikiua. Ilitosha kwamba muuzaji alitoa kauli ya ukweli, yeye akiwa ndiye mwenye nafasi na ujuzi wa kuichunguza, na mnunuzi akaitegemea. Ilinganishe na kesi ya Oscar Chess dhidi ya Williams ya 1957, ambapo mtu wa kawaida aliuza Morris akiamini kwamba ni ya 1948 kwa sababu kitabu cha gari kilisema hivyo, kumbe ni ya 1939 na kitabu kilichezewa na mtu asiyejulikana kabla yake. Yeye hakufungwa na kauli yake, na wanunuzi katika kesi hiyo ndio walikuwa wafanyabiashara wa magari. Ukiziweka kesi hizi pamoja, unaona mstari ambao mahakama ziliuchora: maneno ya mfanyabiashara yana uzito wa mkataba kwa sababu kujua ni kazi yake. Mwenye yadi anayesema “hii imekwenda kilomita 18,000 tu” hapigi soga.

Bunge letu lilikwenda mbali zaidi lilipotunga Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, miaka miwili baada ya Katiba kuweka katika kifungu cha 46 haki ya mtumiaji kupata bidhaa zenye ubora unaostahili na kupewa habari anazohitaji. Sheria hiyo inayaita matamshi ya uongo au ya kupotosha mwenendo usio wa haki, na miongoni mwa mifano yake imetaja kauli kwamba bidhaa imetumika kwa kiasi ambacho sicho. Ungedhani walioandika walikuwa wakiitazama mita iliyorudishwa nyuma. Na dawa yake ni ile hasa ambayo Sura ya 31 inamnyima mnunuzi: mkataba ulioingiwa kwa hila hiyo, uwe wa maandishi au wa mdomo, unaweza kutanguliwa na mtumiaji kwa kutoa notisi, pamoja na kudai fidia. Tena yale maandishi ya chini ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, hayana nguvu ya kufuta masharti ambayo sheria inayahesabu kuwemo katika mauzo. Yamechapwa kukutisha, na yanafanya kazi hiyo vizuri sana.

Hoja ya kwanza nitakayopingwa nayo ni kwamba mtumba ni mtumba. Ulilipa bei ya kitu kilichotumika, sasa unataka dhamana ya kipya? Mwenye kusema hivyo ana haki kwa injini, na ndiyo maana nimeshauri injini ikae nyuma. Lakini bei ya mtumba nayo ina ngazi zake. Pikipiki ya Boxer iliyokwenda kilomita 18,000 na ile iliyokwenda 90,000 zote ni kuukuu, na hakuna anayezinunua kwa bei moja. Tofauti ya bei hiyo ndiyo iliyochukuliwa kwa uongo, na mnunuzi anayeidai haombi upya wa kitu chochote. Anaomba ukuukuu alioulipia.

Hoja ya pili ina uzito kuliko wanavyokubali watetezi wa wanunuzi. Wapo waendeshaji wanaonunua pikipiki nzima, wanabeba abiria watatu na gunia la saruji juu, hawabadilishi oili mpaka injini igonge, kisha wanarudi yadini kulia. Wenye yadi waaminifu wanalijua hilo na wanaliogopa kwa haki. Ila angalia madai ya maneno yanavyowalinda hata wao. Mwenye yadi aliyesema kweli juu ya mwaka, kilomita na wamiliki hana cha kuhofia kutoka kwa mwendeshaji mzembe, kwa kuwa hakuna atakayeuliza nani alisahau oili. Na asiyejua? Pikipiki nyingi zinazofika yadini zimetoka kwenye minada, nyingine zikiwa zimenyakuliwa na wakopeshaji kutoka kwa watu walioshindwa kulipa, na si rahisi muuzaji kuijua historia yake yote. Basi na aseme hajui. Kusema “kilomita zilizo kwenye mita ndizo hizi, siwezi kuapa kwamba ni za kweli” ni halali kabisa, na mnunuzi atajipangia bei yake. Tatizo linakuja pale asiyejua anapoongea kama anayejua, kwa sababu ujuzi huo wa kubuni ndio unaopandisha bei.

Watasema pia kwamba maneno ni upepo: nani atathibitisha yaliyosemwa chini ya mwembe? Miaka 20 iliyopita ningekubali bila kubishana. Leo biashara ya pikipiki imehamia kwenye simu. Tangazo limewekwa Facebook likiwa na picha ya mita na maelezo yake. Mazungumzo ya bei yamefanyika WhatsApp. Malipo yamepita M-Pesa yakiacha tarehe, saa, kiasi na jina la aliyepokea. Muuzaji ameandika ushahidi dhidi yake mwenyewe bila kuombwa. Kazi ya mnunuzi ni kuuhifadhi kabla tangazo halijafutwa na, ikiwa mazungumzo yalikuwa ya mdomo, kuuliza tena kwa ujumbe kabla ya kutuma pesa: “Umeniambia ni ya 2019, mmiliki mmoja, haijagongwa, haina deni, ni kweli?” Muuzaji akijibu ndiyo, umepata mkataba. Akikwepa kujibu, umepata habari yenye thamani kubwa zaidi. Upande wa hati, mtandao wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen hutoa kumbukumbu za chombo kwa ada ndogo, na humo huonekana jina la mmiliki aliyesajiliwa na kama kuna mkopeshaji aliyeweka zuio. Namba ya chesisi na ya injini zilingane na zilizo kwenye chuma. Zisipolingana, huo si ugomvi wa kibiashara tena, na hapo, pengine hapo tu, kituo cha polisi ndicho mahali pa kwanza pa kwenda. Kwingineko polisi huenda wakakwambia kwamba hili ni jambo la madai.

Ukishagundua uongo, mwendo wako wa siku za mwanzo ndio utakaoamua mengi. Watu hufanya kosa la kumpa fundi aifungue injini kwanza, wakatupa pistoni na ringi za zamani, wakanunua mpya, halafu ndipo wakampigia muuzaji simu. Hapo ushahidi umekwisha kuuzwa kwa kilo. Mwandikie kwanza, kwa ujumbe unaoonyesha tarehe: ulisema hivi, ukweli ni huu, nataka hili, na nakupa mpaka siku fulani. Muite aje aione pikipiki kabla haijafunguliwa. Asipokuja, fundi asiyekuwa na undugu nawe wala naye aandike alichokikuta na kutia sahihi, na vipuri vya zamani viwekwe kwenye mfuko. Halafu chagua unachotaka, kwani huwezi kutaka vyote. Anayetaka kuutangua mkataba aiegeshe pikipiki, maana kila kilomita anayoiongeza inadhoofisha kauli yake kwamba ameikataa. Anayetaka fidia anaweza kuitengeneza na kuendelea na kazi, akitunza risiti. Na kama aliinunua kwa mkopo wa kampuni nyingine, asiache kulipa mkopo kwa hasira. Mkopeshaji hatauliza nani mwongo, atakuja na lori.

Hapa ndipo ninapokutana na pingamizi ambalo sina jibu kamili kwalo. Mwendeshaji wa bodaboda analala na pesa alizozipata mchana. Kumwambia aegeshe pikipiki ili kulinda haki yake ni kumwambia watoto wasile kwa sababu ya kifungu cha sheria. Wengine wataongeza kwamba sheria ya watumiaji haikutungwa kwa ajili ya mtu anayenunua chombo cha biashara. Hilo la pili halinisumbui sana: masharti ya Sura ya 31 hayamuulizi mnunuzi kama ataitumia pikipiki kwenda kanisani au kubeba abiria, na kanuni ya kesi ya Dick Bentley haiulizi pia. Lile la kwanza ni la kweli, na linapunguzwa tu na kasi. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, inasikiliza madai ya mikataba ya uuzaji yasiyozidi shilingi milioni 1, kiasi ambacho bei ya pikipiki ya mtumba haikifikii. Inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Kiswahili kinaruhusiwa, mtu anaweza kujisimamia mwenyewe, na mahakama haifungwi na kanuni kali za ushahidi, jambo ambalo kwa mtu mwenye simu iliyojaa jumbe ni neema. Kwa mwendeshaji asiye na akiba siku 60 bado ni nyingi, na ndiyo sababu wengi wao watachagua njia ya fidia wakiwa barabarani. Siwalaumu. Ila notisi ya maandishi haihitaji kuegesha kitu, na bila hiyo hata fidia itakuwa ngumu.

Upungufu uliobaki hauwezi kuzibwa na mnunuzi mmojammoja, na hapo ninawageukia wenye mamlaka. Marekani, tangu 1985, muuzaji wa magari yaliyotumika analazimika kubandika dirishani karatasi inayoeleza kama gari linauzwa kwa dhamana au bila dhamana. Kichekesho ni kwamba pikipiki zimeachwa nje ya kanuni hiyo. Hapa kwetu pikipiki ndizo zingepaswa kutangulia, kwa kuwa ndizo zinazonunuliwa na watu wasio na pesa ya kukosea mara mbili. Karatasi ninayoifikiria ni ukurasa mmoja wa Kiswahili: mwaka, kilomita na kama muuzaji anazithibitisha au la, mahali alikoipata pikipiki, matengenezo anayoyajua, zuio la mkopeshaji, na siku ambayo uhamisho wa umiliki utaanzishwa kwenye mfumo, kwa sababu Sheria ya Trafiki hairuhusu chombo kilichouzwa kutumika barabarani kupita siku 14 bila mmiliki mpya kusajiliwa. Kila mstari uwe na nafasi ya kuandika “sijui”. Sahihi mbili, nakala mbili.

Wenye yadi watalalamika kwamba karatasi itaongeza gharama. Kupiga nakala ni shilingi chache. Gharama wanayoihofia hasa ni ile ya kupoteza uhuru wa kusema jambo moja kwa mteja wa asubuhi na jingine kwa wa jioni. Wala hatuhitaji kungoja Bunge lirekebishe Sura ya 31, ingawa lingepaswa kufanya hivyo na kukifuta kile kifungu cha kitu mahususi kwa wanunuzi wa kawaida. Kila yadi hulipia leseni ya biashara kwa serikali ya kaunti. Kaunti inaweza kuifanya karatasi hiyo kuwa sharti la leseni, na maafisa wake wakaomba kuona nakala za mauzo ya mwezi uliopita watakapopita kukagua vibali, kazi ambayo tayari wanalipwa kuifanya.